Ukungu Nyuma ya Shavu

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi za mshahara tu. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, ilimwita Tulia. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akisimama nyuma ya kioo cha chumba cha picha, akibonyeza kitufe cha kipaza sauti na kusema, "Tulia. Usitikisike. Usimeze mate." Aliwaambia hivyo wazee, watoto, walevi waliovunjika miguu, na siku moja mganga mkuu mwenyewe, aliyekuwa na jiwe kwenye figo na bado anatoa amri akiwa amelala chali. Hata mganga mkuu alitulia.

Kazi aliianza enzi za filamu, picha zilipooshwa kwenye chumba cha giza na kuanikwa kama nguo. Aliyemfundisha alikuwa mzee mmoja mkali ambaye vidole vyake vilikuwa vimegeuka rangi ya kahawia kwa dawa. Mzee huyo alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka ikawa kama kikohozi chake. "Sisi tunapiga, hatusomi. Kusoma ni kazi ya daktari. Mgonjwa akikuuliza umeona nini, mwambie daktari atamweleza. Mdomo uliponza kichwa, kijana."

Tulia angeweza kuyachukulia hayo kuwa maneno ya wazee tu, ila mwaka wake wa pili kazini yalimfika mwenyewe. Mama mmoja alimleta mtoto anayekohoa. Picha ilipotoka ilionyesha kitu cha mviringo katikati ya pafu, cheupe, kimekaa kama shilingi. Mama akauliza. Tulia, kwa huruma ya mtu asiyejua bado, akajibu, "Mama, naona kuna uvimbe." Mama wa watu akaanguka palepale, akapasuka kipaji cha uso, akashonwa nyuzi nne. Daktari alipofika aliitazama picha, akamgeuza mtoto, akainua shati. Kitufe. Shati lilikuwa la kufungwa mgongoni na hakuna aliyekumbuka kulivua.

Nusura afukuzwe. Wenzake walimcheka mwaka mzima, mtu akipoteza kitufe cha koti waliambizana, "Nenda kapigwe picha, utakiona kwenye pafu." Yeye hakucheka. Alijifunga mdomo tangu siku ile, na kwa miaka ishirini na tisa hakuna mgonjwa aliyemtoa neno.

Kisha akaja Mwalimu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, foleni imefika hadi kwenye ngazi. Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwembamba, mwenye sauti inayofika mwisho wa korido bila kupandishwa. Alifundisha darasa la kwanza, kazi ya kusoma na kuandika, na Tulia alimfahamu vizuri: ndiye aliyemfundisha binti yake wa mwisho kusoma. Alikuwa amefuatana na mdogo wake wa kike, mshonaji, aliyembebea mkoba. Karatasi ya daktari ilisema ana kisukari, kichwa kinamuuma upande wa kulia kwa wiki nzima, pua imeziba na shavu linakufa ganzi.

"Mzazi!" alimwita Tulia kwa furaha, kama vile wamekutana kwenye kikao cha shule. "Binti hajambo? Bado anaandika herufi ya 's' kwa kuigeuza?"

"Siku hizi haandiki tena, Mwalimu. Anabonyeza simu tu."

"Basi nimefanya kazi bure."

Akapanda kwenye kitanda cha mashine ya CT, ile yenye duara kubwa kama tairi la trekta. Kabla hakijaanza kuingia ndani akauliza, "Na nikipiga chafya je?"

"Tutarudia."

"Hapana, nitaisimamisha kwenye kona mpaka tumalize."

Tulia alicheka akaenda nyuma ya kioo. "Tulia, Mwalimu. Usitikisike. Usimeze mate."

Picha zilianza kuteremka kwenye skrini, moja baada ya nyingine, kichwa kikiwa kimekatwa vipande vyembamba kama mkate. Chumba cha hewa kilicho ndani ya shavu la kulia kilikuwa na utando, jambo analoliona kwa kila mtu mwenye mafua. Mifupa mizima. Ubongo umetulia mahali pake. Alikuwa karibu kufunga faili pale jicho lake liliposhikwa na kitu.

Nyuma ya ukuta wa chumba kile cha hewa, ndani kabisa ya shavu, kuna mafuta. Kwenye picha mafuta hayo huwa meusi, safi. Upande wa kushoto yalikuwa hivyo. Upande wa kulia yalikuwa na ukungu. Haukuwa weupe kamili. Ni kama mtu ametia tone la maziwa kwenye maji na kuyakoroga mara moja. Tulia alisogeza kiti. Akapandisha mwanga, akashusha. Ukungu ulibaki.

Alikuwa ameuona ukungu wa namna ile mara mbili katika maisha yake. Wagonjwa wote wawili walikuwa na kisukari. Wote wawili hawakutoka hospitalini.

Daktari anayesoma picha hakuwa pale. Alikaa kwenye jengo jingine, upande wa pili wa mji, akisoma kwenye skrini picha za hospitali tatu. Tulia aliinua simu ya mezani, akabonyeza tarakimu tatu, akasimama. Angemwambia nini? Kwamba mafuta yamechafuka kidogo? Kwamba mpiga picha ana wasiwasi? Alikiona kile kitufe kama kimewekwa juu ya meza. Akarudisha simu mahali pake.

Mwalimu alikuwa ameshateremka, anavaa viatu. "Enhe, mzazi. Umeona nini humo ndani?"

"Daktari atakueleza, Mwalimu."

Alimtazama kidogo, vile mwalimu anavyomtazama mtoto anayesema daftari amelisahau nyumbani. "Haya," akasema, akamshika mdogo wake mkono wakaondoka.

Majibu yalirudi alasiri. Uvimbe wa kawaida wa sainasi, kile chumba cha hewa, upande wa kulia, mifupa mizima, ubongo hauna tatizo. Mwalimu alipewa vidonge na dawa ya kutia puani, akaambiwa apunguze sukari, akarudi nyumbani. Tulia aliyasoma majibu yale mara mbili na akashusha pumzi. Alifurahi. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko yote, kwamba siku ile alifurahi.

Jumamosi asubuhi kiti cha magurudumu kiligonga mlango wa chumba cha picha. Tulia alitazama aliyekalia asimjue. Kope la kulia lilikuwa limefunga, jicho limesukumwa mbele, ngozi ya pembeni ya pua imegeuka rangi ya mkaa. Midomo ilikuwa mikavu. Alipomtambua aliyekuwa akikisukuma, yule mshonaji, ndipo alipojua huyu ni nani.

"Toka jana anaongea mambo hayaeleweki," mshonaji alisema. "Anaita majina ya wanafunzi wa zamani. Sukari imepanda mpaka kile kipimo kimekataa kusoma. Na mdomoni, kaka, kwenye kaakaa, kuna doa jeusi. Nilidhani amekula kitu."

Safari hii walimtaka apite kwenye MRI, ile mashine inayogonga kama mafundi wa mabati, na achomwe mshipani dawa inayofanya nyama hai zing'ae pichani. Tulia alimlaza mwenyewe, akamfunga mkanda, akamwekea pamba masikioni. Mwalimu alifumbua jicho moja. Akili ilimrudia kidogo.

"Mzazi," akasema polepole, "leo je, umeona nini?"

"Bado sijapiga, Mwalimu."

"Ah. Basi piga."

Dawa ilipoingia, picha zikaja. Pua ya kila mtu ina nyama laini za ndani, na damu ikizipitia hung'aa kama taa. Za upande wa kushoto ziling'aa. Za kulia zilikuwa nyeusi tii, kama chumba kilichokatiwa umeme. Weusi ule ulipanda hadi nyuma ya jicho, ukaingia kwenye dimbwi la mishipa lililo chini ya ubongo. Juu yake, kwenye sehemu ya chini ya ubongo wa mbele, kulikuwa na doa la ukubwa wa punje ya mahindi.

Ni fangasi. Wa jamii ileile inayoota juu ya mkate uliolala na majani yanayooza. Kila mtu huwavuta puani kila siku na hawamfanyi kitu. Lakini sukari ikipanda ikakaa juu, mwili unakuwa shamba lao. Huingia kwenye mishipa ya damu, wakaiziba, na nyama yote inayoitegemea hufa. Hawana haja ya kuvunja mfupa. Hupita mishipani, ndiyo maana ile Jumatatu mifupa ilionekana mizima huku mwizi ameshafika sebuleni.

Tulia aliinua simu, na mara hii hakusita. "Daktari, fungua picha za huyu mama sasa hivi. Acha unachosoma."

"Nani anaongea?"

"Mpiga picha. Na baada ya hizo, fungua za Jumatatu. Tazama mafuta nyuma ya shavu la kulia."

 Kisha Tulia akamsikia daktari akivuta pumzi kwa nguvu, na simu ikakatwa.

Kabla ya saa nane mchana Mwalimu alikuwa mezani. Aliyempasua alikuwa daktari bingwa wa pua na masikio, mwanamke mfupi anayepanda kwenye kibao ili aifikie meza. Alitoa jicho la kulia. Alitoa nusu ya kaakaa na nyama zote nyeusi, akakata mpaka akakutana na damu nyekundu. Doa la kwenye ubongo hakuligusa. Hilo waliiachia dripu, dawa kali inayotetemesha mwili na kuchosha figo, wiki nane mfululizo. Watu wengi wa namna ile hawafiki wiki ya pili. Mwalimu alifika ya nane, akatoka na miguu yake, akimwegemea mdogo wake.

Ungedhani Tulia angepumua. Badala yake ndipo mambo yalipoanza.

Kila siku saa ya chakula alijifungia chumbani kwake na kuifungua picha ile ya Jumatatu. Aliyajua mafuta yale kuliko alivyoujua uso wa mama yake. Wakati mwingine aliwaza kwamba labda hayakuwa na kitu, labda ukungu anauona kwa sababu sasa anajua. Akafunga. Akafungua tena. Ulikuwa pale. Chumba kikiwa kitupu na kipaza sauti hakijazimwa, mvumo wake ulimfanya ageuke, kama kwamba kuna mtu bado amelala ndani ya mashine anasubiri kujibiwa.

Nyumbani alikoma kuwatazama watu machoni. Aliwatazama mashavu. Mezani, mkewe akiongea habari za kuku wake, Tulia aliona ngozi ikiondoka, mfupa ukabaki, na nyuma ya mfupa yale mafuta.

"Baba Nanihii," mkewe alisema siku moja akiweka kijiko chini, maana hivyo ndivyo alivyomwita akiwa amekasirika, "unanitazama kama unanipima jeneza. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi nani kakukosea? Maana miezi mitatu hii nalala na mtu aliyeacha jiko linawaka mahali na hasemi ni wapi."

Akamweleza. Yote, na kitufe ndani yake. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, yeye ambaye kimya kwake ni ugonjwa. "Yule aliyemfundisha binti yetu," alisema hatimaye. "Na yeye anajua?"

"Hajui."

"Na anakuja kwako?"

"Kila wiki sita. Mimi ndiye ninayempiga."

Na ni kweli alikuwa akija. Ziara ya kwanza alikuja na kitambaa cheupe juu ya shimo la jicho, na sauti haikuwa ile. Kaakaa likitobolewa, hewa yote hukimbilia puani. Mshonaji alimweleza Tulia pembeni, kwa kunong'ona, kwamba dada yake hujifungia chumbani mbele ya kioo na kufanya zoezi la darasa la kwanza. Anajaribu kusema ba, be, bi, bo, bu. Kinachotoka ni ma, me, mi, mo, mu. "Miaka ishirini na tatu amewafundisha watoto wa watu 'ba'," mshonaji alisema. "Sasa haitaki kumtoka."

Ziara ya pili alikuwa ametengenezewa kaakaa la bandia na fundi meno, kipande cha plastiki ya waridi kinachobanwa kwenye meno yaliyobaki. Alisimama mlangoni, akanyoosha kidole juu kama yuko darasani, akasema, "Baba. Bibi. Bubu." Wagonjwa kwenye foleni wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini. Tulia aligeuka akajifanya anatafuta mkanda.

Ziara ya tatu alimwambia.

Hakupanga maneno. Picha zilikuwa zimekwisha, doa la kwenye ubongo limenywea lakini lipo, na Mwalimu amekaa ukingoni mwa kitanda akirekebisha kitambaa chake. Tulia alivuta kiti akaketi mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mgonjwa yeyote.

"Mwalimu, ile Jumatatu ya kwanza uliniuliza nimeona nini."

"Nakumbuka. Ya baada ya hapo ndiyo siyakumbuki."

"Nilikuwa nimeona kitu. Kidogo. Nilishika simu nimwambie daktari, nikaiweka chini. Niliogopa kuonekana mjinga."

 Jicho moja la Mwalimu lilikuwa kavu na lilimtazama bila kupepesa. Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu, na wote wawili waliusikiliza mlio wake mpaka ukaisha.

"Ungesema," aliuliza, "jicho langu ningekuwa nalo?"

"Sijui. Labda."

"Na 'ba' yangu?"

"Labda, Mwalimu. Siku tano ni nyingi kwa ugonjwa ule. Lakini siwezi kuapa."

"Labda," alirudia, kama anasahihisha imla. "Ungesema ndiyo, ningekuchukia nikamaliza. Ungesema hapana, ningekusamehe. Sasa hiyo labda niiweke wapi, mzazi?"

 Mwalimu aliteremka, akakataa mkono wake, akaenda mwenyewe hadi mlangoni akipapasa ukuta upande usioona. Ziara iliyofuata aliomba apigwe na mtu mwingine. Hakumshtaki popote. Aliomba hilo tu, na akapewa.

Wiki hiyo hiyo Tulia alipanda basi hadi upande wa pili wa mji, kwenye jengo ambalo hakuwahi kulitia mguu, akamtafuta daktari wa picha. Alimkuta kwenye chumba cha mapazia mazito, mtu mnene mpole, mdogo kwake kwa miaka kumi na tano, macho mekundu. Aliposikia ni nani, alisimama.

"Siku ile nilisoma picha arobaini na mbili," daktari alisema kabla hajaulizwa. "Ya kwake ilikuwa ya thelathini na tisa. Nilitazama mifupa, nikatazama ubongo, nikaandika. Mafuta sikuyatazama, mzee wangu. Sikuyatazama kabisa. Wewe uliyaona?"

"Niliyaona."

Daktari akaketi taratibu. "Kwa hiyo mmoja wetu aliona akanyamaza, na mwingine alikuwa na ruhusa ya kusema hakuona."

Walikaa pale mpaka chai waliyoletewa ikapoa. Walichokubaliana kilikuwa kidogo mno kwa mtu wa nje: mstari mmoja uongezwe chini ya karatasi ya picha, ambapo mpiga picha ataandika kitu kilichomsumbua jicho, na msomaji lazima akitazame kabla ya kutia sahihi. Wakubwa walibisha miezi saba. Mkubwa mmoja aliuliza kama sasa na dereva wa gari la wagonjwa ataandika maoni yake. Mwishowe mstari ukakubaliwa kwa majaribio.

Tulia aliandika kwenye mstari ule mara kumi na tisa kabla ya kustaafu. Mara kumi na sita hapakuwa na kitu. Wenzake wakaanza kumwita Profesa, na mara moja alikuta kitufe kimegandishwa kwa gundi juu ya kompyuta yake. Mara tatu kulikuwa na kitu. Mmoja kati ya hao watatu alikuwa dereva wa lori mwenye kisukari, mwenye ukungu nyuma ya shavu la kushoto. Walimpasua siku ileile. Alitoka na macho yake yote mawili na akarudi kushukuru wauguzi, daktari na hata mfagiaji. Chumba cha picha hakupita, maana hakujua.

Ungesema deni limelipwa. Mkewe alisema hivyo. Tulia alijaribu kuliamini jambo hilo kwa muda wa siku kadhaa, lakini alipomfikiria dereva wa lori aliona ushahidi tu. Kumbe simu moja ilitosha. Kumbe ile 'labda' aliyompa Mwalimu ilikuwa imeegemea upande mmoja.

Alistaafu akaacha funguo kwa mpiga picha mpya, dada mmoja mwepesi wa mikono, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akimpiga Mwalimu. Kuhusu doa lile kwenye ubongo, Tulia hakuwa tena na haki ya kuuliza. Alisikia kwa mbali kwamba limekaa ukubwa uleule miaka miwili. Madaktari walisema huenda ni kovu. Huenda ni kitu kimelala. Picha haiwezi kutofautisha, na kichwa hakifunguliwi kwa ajili ya kukidhi hamu ya kujua, kwa hiyo kila mwaka wanatazama tena.

Siku moja mkewe alirudi sokoni, akaweka kikapu, akavua viatu bila haraka.

"Nimekutana na Mwalimu," alisema. "Amerudi kufundisha, saa mbili kwa siku. Ana miwani ya giza upande mmoja. Wanafunzi wanampa mkono avuke barabara."

"Anaonekanaje?"

"Mzima. Ananunua vitunguu, anabishana bei kama zamani. Nilimsalimia, akaitikia vizuri. Aliuliza habari za binti, akauliza za kuku."

Tulia alingoja. Mkewe alianza kutoa vitunguu kwenye kikapu, kimoja kimoja, akivipanga mezani.

"Wewe hakukuulizia," alisema.

Tulia aliinuka, akachukua nyundo, akatoka uani. Banda la kuku lilikuwa limelegea bawaba tangu mvua za mwanzo, na alikuwa akiahidi kila wiki kuligongelea. Mkewe alimsikia akigonga misumari mpaka jua likaanza kuteremka, na alipokwenda kumwita ale, mlango wa banda ulikuwa umekaa sawasawa kitambo, lakini mume wake alikuwa bado amechuchumaa mbele yake.

"Huo mlango umeshapona," mkewe alimwambia. "Njoo ndani."

"Nakuja," alisema, na baada ya kitambo akaja.